Shauri la Mtu wa Pili

Mtaani walimwita Mama Pasi, na ukimtafuta kwa jina jingine ungezunguka mpaka ukarudi ulikotoka. Hakuwa na mtoto wa kuitiwa; pasi ndiyo iliyompa umama. Alifulia uani, nyuma ya chumba alichopanga na mumewe, na chumbani humo humo ndimo alimopigia pasi, juu ya meza iliyotandikwa blanketi lililokwisha manyoya. Mvua ikinyesha, nguo za watu zilianikwa ndani, nao wakala na kulala chini ya mashati ya wengine.

Shule hakuiacha, maana hakuianza. Siku ya kuandikishwa, baba yake alisema sare ni moja na watoto ni wawili, basi avae wa kiume. Sare ile akawa anaifua yeye. Ukitaka kujua udobi aliusomea wapi, ni hapo: kaka anarudi na vumbi, dada anaipokea, anaifua, anaianika, asubuhi kaka anaondoka nayo safi. Kaka huyo aliishia njiani na elimu yake, na siku hizi hata salamu hatumi. Fadhila za punda ni mateke, na mateke mengine hupigwa kwa kukaa kimya.

Kwa kuwa hakujua kusoma, nguo za wateja alizitambua kwa uzi. Kila nguo iliyoingia aliitia fundo dogo kwenye pindo la ndani: mwekundu kwa muuguzi, wa kijani kwa karani wa posta, nyuzi nyeusi na nyeupe zilizosokotwa kwa fundi saa ambaye hakupenda vyake vichanganywe na vya mtu. Utaratibu huo ulimtosha mpaka nyumba ya wageni ya barabara kuu ilipotafuta dobi wa kudumu. Meneja alimletea mashuka ya kujaribia, akayapokea yamenyooka kama karatasi, akayashikashika, akaridhika.

"Kazi yako naipenda, mama," alimwambia. "Tatizo ni kwamba nguo za wageni zinakuja na karatasi. Jina, chumba, shati ngapi, suruali ngapi. Mgeni anakaa siku moja anaondoka. Hatuna muda wa mafundo ya uzi."

"Nitajifunza kusoma."

"Ukishajifunza, njoo."

Mahali pa kujifunzia palikuwepo. Shule ya msingi ya jirani ilikuwa na darasa la watu wazima, alasiri, watoto wakishatawanyika. Lakini alasiri ndiyo saa ya pasi. Nguo zimekauka, zinaanuliwa, zinanyunyiziwa maji, na wenyewe wanazitaka jioni. Dobi akikosekana alasiri, hakuna kodi ya chumba. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kubeba kodi ya chumba kwa mwaka mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mumewe, karani wa ghala la saruji.

Tatizo, mume naye alikuwa na lake. Alikuwa amepata nafasi chuo kikuu kusomea uchumi, na nafasi ya namna hiyo kwa mtu wa umri wake haiji mara mbili. Alimweleza mkewe mlangoni asubuhi moja, muuza mkaa akiwa ndiyo kwanza anatua gunia lake kizingitini. Muuza mkaa huyo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, ndiye aliyekuwa akimletea mkaa wa pasi.

"Nisomeshe, mke wangu," mume alisema. "Nikimaliza tu, zamu yako. Chumba nitakibeba mimi, alasiri zote ziwe zako, ukasome mpaka uchoke. Dada wa mkaa, wewe ndiye shahidi. Umesikia?"

"Nimesikia," muuza mkaa akajibu. "Masikio yangu husahau mengi, shemeji, lakini si ahadi za wanaume."

Wakacheka wote watatu.

Basi dobi akasomesha. Mikono ilipasuka kwa sabuni, akaipaka mafuta, akarudi kwenye beseni. Mgongo ulipouma alijikaza kisabuni, kama wasemavyo watu wasiojua sabuni yenyewe huisha. Mume aliacha ghala, akashika vitabu. Nguo zake za chuo alizipiga pasi kuliko za mteja yeyote, kola ikisimama yenyewe, ili vijana wasimcheke mzee aliyekaa nao darasani. Wao wenyewe walimpachika jina la Mjomba, naye akalipokea.

Mwaka wa mwisho wakampa somo la falsafa.

"Falsafa ndiyo nini?" mkewe akamuuliza.

"Watu kuulizana maswali yasiyo na majibu."

"Na wanalipwa?"

"Baadhi yao."

"Mbona mimi nimeianza zamani, basi. Kila mwezi namuuliza mwenye nyumba paa litatengenezwa lini."

Mume hakucheka. Alikuwa amekasirika kweli. "Mimi nimekwenda kusomea uchumi. Ni sawa na kuagiza viatu ukaletewa kofia. Lakini ni lazima, bila somo hilo shahada hakuna. Mwalimu anasema mwanauchumi anapima faida siku nzima bila kujiuliza ni faida ya nani. Mwisho wa somo kila mmoja atasimama mbele ya darasa na suala la haki, alitetee, wenzake wamshambulie."

Na kwa kuwa vijana walikuwa na wenzao wa kubishana nao, na Mjomba hakuwa na mwenzake, alirudi nyumbani akamfanya mkewe ndiye mpinzani. Ikawa desturi yao ya jioni. Yeye kwenye kiti na kitabu, mkewe mezani na pasi.

"Dawa ni moja, wagonjwa wawili," alisema. "Mmoja mkulima anayelisha kijiji kizima, mwingine bibi kizee asiyemlisha mtu. Mimi nampa mkulima. Sema kinyume."

Dobi akanyunyizia shati maji, akafikiri. "Nani kafika kwanza?"

"Hilo halimo kwenye swali."

"Litie. Kwenye foleni ya bomba hakuna anayeuliza nani analisha watu. Wanauliza nani kafika kwanza."

"Na kama bibi amefika kwanza kwa sababu nyumba yake imepakana na hospitali, na mkulima ametembea kutwa nzima?"

Hapo dobi alikwama. Alilala na swali, akaamka nalo, akafua nalo, na kesho yake mchana jibu lilipomjia aliacha nguo ndani ya maji ya povu akasimama tu, mikono inachuruzika, anacheka peke yake. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo akasubiri jibu. Jioni alimsubiri mumewe kama msichana anayesubiri barua. Mume akalisikiliza jibu lake, akalivunja kwa maneno mawili, akamwambia, "Lakini si baya." Maneno hayo aliyatunza moyoni wiki nzima.

Mwishowe mume naye akanogewa. Kofia aliyoletewa ikawa haivuki kichwani. Ukimuuliza umeshiba, inategemea kushiba ni nini. Ukimwambia mtungi umevuja, anakuuliza utajuaje kama ulikuwa mzima. Muuza mkaa alisema shemeji yake amepatwa na ugonjwa wa kujibu maswali kwa maswali, na dawa yake ni kubebeshwa gunia. Dobi alimtetea. Alisema ni masomo, yatapita.

Darasa la watu wazima lilipokaribia kuandikisha, mume alikuwa amebakiza wiki chache. Dobi akaona ndio wakati.

"Mwenzangu, wanaandikisha mwezi ujao. Niende?"

Mume akaifunga kalamu. "Hilo ni suala," akasema.

"Suala gani?"

"La zamu. Tena suala zuri sana. Nitalipeleka darasani, nilisimamie mbele ya mwalimu na wenzangu, lijadiliwe."

Hapa ndipo dobi alipokosea, na sijui nani asingekosea mahali pake. Alikolelewa yeye, jambo la mume na mke likikwama hupelekwa mbele ya watu wenye akili zao. Linasemwa, shahidi anaulizwa, na kabla watu hawajainuka neno la mwisho limekwisha kutoka. Mume anayekupeleka mbele za watu ni mume aliyekuheshimu. Asiyekuheshimu humaliza mambo yake kitandani au kwa kufuli. Na hawa ni watu wa chuo kikuu, kazi yao ni kutafuta haki, wanafundishwa na kupewa mitihani. Dobi aliona jambo lake limefika kwenye baraza lisilo na rushwa. Akauliza siku, akaambiwa. Akapiga pasi gauni lake moja zuri, akaenda kwa muuza mkaa.

"Shauri letu linasikilizwa Alhamisi alasiri. Uje, wewe ndiye shahidi."

"Chuoni?"

"Chuoni."

"Basi ningoje ninawe," akasema muuza mkaa, na Alhamisi ilipofika alikuwa amesugua kucha kwa jiwe mpaka karibu zitoe damu, na weusi ulikuwa bado upo.

Chumba kilikuwa ghorofani, viti vyake vina vibao vya kuandikia, madirisha yamekwama nusu wazi. Msichana mwenye miwani aliwaona wanawake wawili mlangoni akainuka.

"Shikamooni, mama. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwenye shauri," alisema dobi.

Msichana hakuelewa, ila alikuwa amefunzwa adabu. Akawapisha viti vya nyuma kabisa. Mume alikuwa amewapa mgongo, anachora ubaoni maduara mawili, hakuwaona.

"Huyu ni Mtu wa Kwanza," alianza, "na huyu ni Mtu wa Pili. Wanaishi pamoja. Wote wanataka elimu, uwezo upo wa mmoja. Wanakubaliana Mtu wa Kwanza asome, Mtu wa Pili afanye kazi, kisha wabadilishane. Mtu wa Kwanza anamaliza. Papo hapo anapata nafasi ya kuendelea, shahada ya pili. Je, haki inadai nini?"

Muuza mkaa akamwinamia mwenzake. "Shahada ya pili ipi tena?"

"Sijui," dobi akanong'ona. Na kweli hakujua. Ndiyo kwanza anaisikia, pamoja na watoto wa watu.

Kijana wa mbele akasema, "Tupime faida. Mtu wa Kwanza akiendelea, kipato kinapanda, na wote wawili watakula matunda. Huyo wa Pili anataka kusomea nini?"

"Kusoma na kuandika," mume akajibu.

"Umri wake?"

"Makamo."

"Sasa hiyo si kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuwekewa alama ya kubomolewa?"

Darasa likacheka. Halikuwa cheko baya, lilikuwa cheko la vijana walioshiba.

"Lakini aliahidiwa," akasema msichana wa miwani.

"Aliahidiwa kabla nafasi haijajulikana. Mambo yamebadilika."

"Yamebadilika kwa nani? Kwa huyo wa Pili hakuna kilichobadilika. Bado anasubiri."

Dobi akamtazama yule msichana kisogoni, akamwombea dua. Kisha akamsikia mumewe, kwa sauti ile ile ya jioni za pasi, akijibu: "Tuongeze jambo moja. Tuseme Mtu wa Pili ameshazoea kusubiri. Aliyezoea kukosa, hasara yake ni ndogo kuliko ya yule atakayekosa kwa mara ya kwanza."

"Hoja hiyo ina nguvu," mwalimu akasema. Alikuwa mtu mpole, wa kuinamisha kichwa akisikiliza.

Muuza mkaa hakuweza tena. Akasimama. "Samahanini. Mimi nilikuwepo."

Vichwa vyote vikageuka. Mume akageuka pia, chaki mkononi, na uso wake ukawa kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji ya buluu.

"Karibu, mama," mwalimu akasema. "Ulikuwepo wapi?"

"Siku ya ahadi, mlangoni, na gunia langu. Alisema nikimaliza tu. Hakusema nikimaliza na isipotokea nafasi nyingine. Na ahadi ni deni."

Wakacheka tena. Mwalimu akawanyamazisha kwa mkono. "Methali nzuri, mama. Ila methali ni hekima, bado si hoja. Sisi hapa tutauliza: kwa nini ahadi iwe deni?"

"Kwa nini?" Muuza mkaa alimgeukia dobi, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Mjomba," mwalimu akasema, "unawafahamu mama hawa?"

Mume akaihamisha chaki mkono hadi mkono. Dobi hakutaka mengi. Asingehitaji hata kuitwa mbele. Neno moja tu lingetosha, mke wangu, na maduara yale mawili ubaoni yangekuwa na watu ndani.

"Ni majirani zangu," mume akasema. "Nilikuwa nikifanya mazoezi ya mada nyumbani. Naona wamedhani ni jambo la kweli."

Mwalimu akatabasamu kwa huruma ya haki kabisa. "Poleni, mama zangu. Msihuzunike kwa ajili yao. Watu hawa wawili hawapo. Tumewabuni ili tufikiri vizuri."

Dobi akajikuta amesimama. "Hawapo?"

"Hawapo kabisa."

"Na uamuzi mtautoa lini?"

"Hapa hatutoi uamuzi, mama. Tunapima hoja. Swali linabaki wazi, na huo ndio uzuri wake."

Dobi akakaa. Alikuwa na maneno. Aliyaandaa beseni baada ya beseni, mengine mazuri, mengine yangempata hata yule kijana wa mbele. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa hayupo, anaanza kusema kwa mdomo wa nani? Walikaa mpaka kipindi kikaisha, maana kutoka katikati ni utovu wa adabu.

Huko nje walivuka lango kwanza, ndipo muuza mkaa akafungua mdomo.

"Kesi ya ngedere tumempelekea nyani," akasema. "Majirani! Mimi sawa, mimi jirani. Wewe ni jirani wa wapi, wa kitanda kimoja?"

Dobi akakaza mwendo; nguo za watu zilikuwa bado kambani.

Mume alirudi jioni amekasirika. Wamemwaibisha, hawana subira, mambo ya chuo yana utaratibu wake. Alipokwisha kukasirika, furaha iliyokuwa chini yake ikatokeza. Mwalimu ameipenda mada kuliko zote. Amesema wale mama wawili waliipa uhai. Na ile nafasi ya shahada ya pili, mwalimu mwenyewe atamwandikia barua ya kumwombea.

"Kwa hiyo hamkuniharibia," alisema, kama anayesamehe.

"Na zamu yangu?"

"Umesikia mwenyewe, mke wangu. Suala ni gumu. Hata wasomi hawajalipatia jibu."

"Halikuwa gumu siku ile mlangoni."

"Siku ile nilikuwa sijasoma," mume akasema, na alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja ukweli kuhusu hali ya hewa.

Hapo dobi alielewa, na kuelewa hakukumsaidia. Alikuwa ameuza mgongo wake ili mtu ajifunze jinsi ya kutomjibu. Zamani mume akitaka kukunyima alisema hapana, ukalia, ukaenda kwa wakubwa, hapana ikageuzwa. Huyu hakusema hapana. Alisema ni gumu, na gumu haligeuzwi na mtu, linakaa hapo kama jiwe la uani, unafua ukilizunguka.

Alijaribu bado. Alimwomba alasiri mbili tu kwa wiki, amlindie pasi, awape wateja nguo zao. Inategemea, mume alisema, maktaba hufungwa mapema. Aliwaza kuondoka, na akawaza vizuri, kwa kuwa kuwaza alikwisha kufundishwa. Chumba kimeandikwa jina la mume. Wateja wanajua ua huu, na dobi asiye na ua ni mwanamke mwenye beseni. Kwa kaka asingekwenda hata akikatwa mguu. Kila alikogeuka alikuta hoja, na kila hoja ilikuwa na nguvu.

Nyumba ya wageni, iliyokuwa ikihangaika na vibarua miaka yote hiyo, ikachukua dobi mwingine, mwanamume mwenye kalamu sikioni. Jioni mume alileta suala jipya, akamwambia aseme kinyume. Dobi akamwambia ana haki. "Sitaki haki, nataka ubishe," mume akasema. Dobi akarudia kwamba ana haki, na kesho yake vile vile, mpaka mume akasema amekuwa mzito siku hizi, akatafuta wabishi wake huko huko chuoni. Chumba kikanyamaza, ikabaki pasi na blanketi.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, mwalimu wa watu wazima, mama mnene mwenye viatu vya raba, alipita mwenyewe mtaani kuwakumbusha waliokuwa wameulizia. Akamkuta dobi uani anakamua shuka.

"Mama Pasi, mbona sikukuona? Kiti chako nimekushikia."

"Mpe mwingine, mwalimu."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nikuweke mwakani. Mwaka si kitu, utaona unavyokimbia."

Dobi alilishika shuka ncha mbili, akalikung'uta, akalitupia kambani. Mwakani alikuwa ameahidiwa mara nyingi, na aliyejua kuahidi kuliko wote alilala ubavuni mwake. Mwalimu wa watu wazima hakuwa na kosa. Alikuwa mtu mwema, anangoja tu jibu.

"Usiniweke," alimwambia. "Mtu akija kuniulizia huko darasani, mwambie hayupo."

Akainama kuchukua shuka la pili.